Mgonjwa kwa mwajiri, mzima kwa serikali: pesimeka ni ulemavu ama siyo?

"Papa, weye hauko kilema. Umeingia humu na miguu yako, umepanda ngazi, jina umeandika na mukono yako mwenyewe." Hivyo ndivyo yaya wangu alivyoambiwa kwenye ofisi moja hapa Lubumbashi siku alipopeleka dosiye, yaani faili la karatasi zake, ili atambuliwe kama mtu mwenye ulemavu kwa sababu ana pesimeka, mashine ndogo kifuani ya kusaidia moyo kupiga (yaya kwetu ni kaka mkubwa). Mama aliyemwambia hakuwa na ubaya wowote, aliongea kwa upole kabisa, hata alimwonyesha kijana mmoja pale nje kwenye baiskeli ya magurudumu matatu akasema "ule njo kilema, yaya." Akashukuru, akatoka. Lakini ndani ya bahasha ile ile aliyoshika kulikuwa na karatasi nyingine, ya wiki tatu nyuma, ya daktari wa kampuni aliyoifanyia kazi miaka 11, na chini yake neno moja limezungushiwa kalamu nyekundu: inapti. Hafai kazi.

Mtu ni yule yule, kifua ni kile kile. Karatasi moja inasema wewe ni mgonjwa sana hatuwezi kukuacha hapa, nyingine inasema wewe ni mzima rudi nyumbani. Tangu siku hiyo nimesoma kila kitu nilichoweza kupata juu ya swali hili, maana nilidhani labda ni fujo ya huku kwetu tu, kumbe hapana, nchi tajiri kabisa zilishaanguka kwenye shimo hilo hilo na zikachukua miaka kutoka.

Kwanza tuelewane pesimeka ni nini, maana wengi wanaongea juu yake bila kuijua. Wengine huku wanaita pile ya moyo, yaani betri ya moyo, na mimi naona ni jina zuri. Moyo una umeme wake wenyewe, kuna sehemu ndogo juu upande wa kulia inayotoa amri, na amri ile inashuka mpaka chini ndiyo moyo unakaza na damu inasukumwa. Moyo wa mtu mzima aliyetulia unapiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Sasa kuna watu ambao ile njia ya kushusha amri inaharibika, amri inatolewa juu lakini chini haifiki, na sehemu ya chini inabaki kujipigia polepole peke yake. Yaya alianguka jioni moja amesimama kwenye beseni ananawa mikono, bukari, yaani ugali, iko mezani, watoto wameshakaa. Alianguka kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Alipopimwa moyo ulikuwa unapiga mara 34.

Tuliuza kiwanja cha familia kule upande wa Kasapa, ndugu wakachanga, akapelekwa Johannesburg akawekewa. Ni kisanduku cha titani, uzito wake gramu kama 20 mpaka 50, kinakaa chini ya ngozi karibu na mfupa wa bega, na uzi mmoja au mbili zinapita ndani ya mshipa mpaka kwenye moyo. Kazi yake kubwa ni kusikiliza. Moyo ukipiga wenyewe kinanyamaza, moyo ukichelewa kinatuma umeme kidogo sana wa kuusukuma. Kuna watu wanaokihitaji mara moja moja tu kwa siku, na kuna watu ambao kila pigo linatoka kwenye kile kisanduku, kikinyamaza sekunde chache wanaanguka. Wote wawili ukiwaona barabarani ni sawa sawa. Yaya yuko kundi la pili.

Na kitu kimoja kinanigusa mimi kama mtoto wa huku. Nyuzi nyingi za pesimeka zinasokotwa kwa chuma cha mchanganyiko ambacho karibu theluthi yake ni kobalti. Kobalti ya dunia, zaidi ya nusu inachimbwa Kongo, na inachimbwa hapa, Kolwezi, Likasi, Tenke. Siwezi kujua ile iliyo kwenye moyo wa yaya ilitoka shimo gani, lakini yeye alikuwa sudere, fundi wa kuchomea vyuma, na alichomea matangi na mabomba ya viwanda hivyo hivyo.

Wanaosema pesimeka siyo ulemavu wana hoja moja kubwa, na ni hoja ya maana siidharau: mashine inafanya kazi, mtu anaishi, shida imekwisha. Na mfano wao bora ni yule wa kwanza kabisa. Tarehe 8 Oktoba 1958 huko Sweden, hospitali ya Karolinska, daktari Åke Senning alimwekea Arne Larsson pesimeka iliyotengenezwa na injinia Rune Elmqvist, aliimwagia plastiki ndani ya kopo la dawa ya viatu ili ipate umbo. Larsson alikuwa na miaka 43, alikuwa anazimia mara nyingi kwa siku, na mke wake Else-Marie ndiye aliyewasumbua wale wawili mpaka wakakubali kujaribu. Ile mashine ya kwanza ilifanya kazi masaa machache tu. Lakini Larsson aliishi mpaka mwaka 2001, akafika miaka 86, amewazika wote wawili, daktari na injinia, na ugonjwa uliomuua ulikuwa kansa, moyo haukuhusika. Alifanya kazi, alisafiri, alizeeka. Huyo ni mlemavu gani?

Sasa soma upande wa pili wa maisha yake, Larsson katika miaka ile 43 alibadilishiwa mashine zaidi ya mara 20. Siku hizi betri inakaa vizuri zaidi, miaka 7, 10, wengine 12 na kupita, lakini kisanduku kimefungwa, betri haitolewi ikawekwa nyingine kama tochi, betri ikiisha unapasuliwa unawekewa kisanduku kipya. Yaya ana miaka 46. Hesabu mwenyewe. Mtu wa Stockholm, kule Sweden, analala kwenye meza ya opereshini na anaamka bila deni. Mtu wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, kila miaka kumi anatafuta elfu kadhaa za dola, na kila baada ya miezi 6 au 12 anatafuta mahali penye kompyuta maalum ya kuongea na mashine yake, mashine ya kampuni hii haiongei na kompyuta ya kampuni ile, kwa hiyo yeye anapanda basi, anapita mpaka wa Kasumbalesa, anashuka hadi Lusaka, Zambia, kwa kipimo cha dakika 20. Ukisema shida imekwisha, nakuuliza imekwisha kwa nani.

Ndiyo maana napenda namna Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ule wa Desemba 2006, ulivyoandika. Ibara ya 1 haisemi mlemavu ni asiye na mguu ama asiyeona. Inasema watu wenye ulemavu ni pamoja na wale wenye hitilafu za muda mrefu, za mwili, za akili, za kufahamu au za hisia, ambazo zikikutana na vizuizi mbalimbali zinaweza kuwazuia kushiriki katika jamii sawa na wengine. Neno ni kukutana. Hitilafu iko kifuani, kizuizi kiko nje, ulemavu unazaliwa pale vinapokutana. Kongo ilijiunga na mkataba huo mwaka 2015, Katiba yetu ya 2006 katika ibara ya 49 tayari ilikuwa inawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, na tarehe 3 Mei 2022 tukapata sheria yetu wenyewe, namba 22/003. Karatasi tunazo. Macho ya watu ofisini bado yanatafuta baiskeli ya magurudumu matatu.

Chukua pesimeka ile ile uiweke kwa mwalimu wa historia ku Kamalondo, mtaa mwingine wa hapa. Ataangalia simu isikae kwenye mfuko wa shati, sentimita 15 mbali na kisanduku inatosha, wiki za kwanza hatainua mkono wa upande ule juu ya bega, ataonyesha kikaratasi chake cha pesimeka kwa mlinzi wa benki anayepitisha kile kifimbo cha kutafuta vyuma, basi. Jirani watamuuliza kama umeme wa SNEL, shirika letu la umeme, ukikatika moyo utasimama, atawajibu hapana, ina betri yake. Atafundisha mpaka pensheni. Sasa iweke kwa sudere. Mashine ya kuchomea inatoa mawimbi ya umeme, na pesimeka inayosikiliza moyo inaweza kuyasikia mawimbi yale ikadhani ni moyo unapiga, ikanyamaza. Ikinyamaza kwa mtu kama yaya, anaanguka na moto mkononi. Ama mpeleke kwenye jumba la elektrolizi, pale shaba inapovutwa kwa umeme kutoka kwenye maji ya asidi, kuna maelfu kwa maelfu ya ampea zinapita masaa 24, sumaku yake ni kali, na sumaku kali inaifanya pesimeka iache kusikiliza ianze kupiga kwa mwendo wake tu. Kwenye milango ya majumba kama hayo wanabandika picha ya moyo iliyopigwa mstari mwekundu.

Kwa hiyo Lubumbashi, mji ulioota juu ya shaba, mahali ambapo kazi nzuri zote ziko karibu na umeme mkubwa, pesimeka inafunga milango ambayo kwenye mji mwingine ingebaki wazi. Mwalimu ana pesimeka. Sudere ana pesimeka na ana ulemavu. Mimi hapo sioni utata.

Nilisema nchi tajiri zilianguka shimo hili hili. Marekani ilikuwa na sheria ya watu wenye ulemavu tangu 1990, na tarehe 22 Juni 1999 Mahakama yao Kuu ilitoa hukumu za kesi kadhaa siku moja. Moja ilikuwa ya bwana Murphy, makanika, alikuwa na presha kubwa sana, kampuni ya UPS ikamfukuza kwa sababu presha yake imepita kiasi kinachoruhusiwa kwa dereva wa magari yale. Akashtaki. Mahakama ikasema ukinywa dawa presha yako inashuka unaishi kawaida, kwa hiyo wewe siyo mlemavu, kwa hiyo sheria haikulindi. Soma tena taratibu. Presha ilitosha kumfukuzisha lakini haikutosha kumlinda! Ni bahasha ya yaya, neno kwa neno, tofauti ni lugha tu.

Bunge lao liliona aibu hiyo na mwaka 2008 likarekebisha sheria: ukipima kama mtu ana ulemavu usihesabu faida ya dawa wala mashine, jiulize angekuwaje bila hizo, isipokuwa miwani ya kawaida. Wakataja wazi na mzunguko wa damu kati ya kazi za mwili zinazohusika. Uingereza kwenye sheria yao ya usawa ya 2010 wanauliza hivyo hivyo, toa matibabu halafu uangalie, na hali iwe imedumu ama itadumu miezi 12. Kwa kipimo hicho yaya hana hata haja ya kujieleza. Toa pesimeka tuone kama atamaliza kunawa mikono.

Lakini hapa lazima niwe mkweli kwa wenzangu wenye familia kama yangu, maana kuna jambo tunalichanganya na linatuharibia. Kuna maswali mawili. La kwanza, je mtu huyu alindwe asifukuzwe, asibaguliwe, arekebishiwe kazi? La pili, je mtu huyu alipwe fedha kila mwezi kwa sababu hawezi kufanya kazi tena? Marekani ile ile inayosema ndiyo kwenye swali la kwanza, kwenye la pili imefunga mkono, shirika lao la hifadhi ya jamii linataka uonyeshe kwamba unaendelea kuzimia mara kwa mara hata baada ya matibabu, kuwa na pesimeka peke yake hakukupi kitu. Na mimi nakubaliana nao. Uingereza dereva wa gari dogo akiwekewa pesimeka anakaa wiki 1 bila kuendesha, dereva wa basi ama lori anakaa wiki 6, halafu wakiwa sawa wanarudi barabarani. Kumlipa mtu kama huyo maisha yote kama asiyejiweza ni kumtukana, na ni kuchukua mkate wa mwingine.

Niliongea juu ya hili na kijana mmoja anayetembelea mikono, anauza kredi ya simu karibu na soko, tunajuana muda mrefu. Akaniambia "yaya, sisi tuko wengi, vitu vinavyokuja ni vidogo, sasa na mwenye betri ya moyo naye anataka kukaa ku mustari yetu?" Sikumjibu haraka, maana ana haki. Yeye akifika ofisini hakuna anayemuuliza uthibitisho, lakini ngazi zile yaya alizopanda, yeye hawezi kuzipanda, karatasi zake anashushiwa chini na mtu akimhurumia. Ulemavu wake uko wazi saa zote, hapati hata dakika moja ya kuuficha. Nikamwambia hatuombi baiskeli yenu wala unga wenu, tunaomba lile neno likiandikwa kwenye karatasi mwajiri alazimike kufikiri kabla ya kuandika inapti. Akanyamaza kidogo, akasema hata yeye angelipenda mwajiri afikiri.

Na kuna upande mwingine ambao hauongelewi, nao ni aibu. Yaya mwenyewe alikataa hili neno mwaka mzima. Kwetu kilema ni tusi kabla ya kuwa habari ya mwili, watoto wanatupiana barabarani, na ndugu wengine walimwambia usiandikishe jina lako huko, utawafungia binti zako ndoa. Alikuwa anavaa shati lenye kola hata kwenye jua kali ili ule uvimbe usionekane. Mtoto wake wa mwisho akimkimbilia, mkono wa kulia unaenda wenyewe kufunika kifua upande wa kushoto, kabla hata hajamshika mtoto. Nimeuona ule mkono mara nyingi. Kama mtu anajilinda hivyo mbele ya mtoto wake wa miaka minne, usiniambie hana kitu kwa sababu amepanda ngazi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba suluhisho lilikuwepo na halikuulizwa. Makampuni yanayotengeneza pesimeka yenyewe yanaandika kwenye vitabu vyao juu ya kuchomea: umeme usipite ampea 130 ama 160 kufuatana na aina ya mashine, moto uwe angalau sentimita 60 mbali na kifua, nyaya zisizungushwe mwilini, usichomee peke yako, kwanza daktari wako akubali. Yaani hata kuchomea kwenyewe, ile kazi ndogo ndogo, hakujafungwa kwa kila mtu. Na kwenye karakana ile kuna kukata, kuna kupima, kuna kusoma plani, kuna kukagua viungo vilivyochomewa na wengine, kazi ambayo yaya aliifanya kwa jicho tu, anaangalia kiungo anakwambia hapa patavuja. Mkataba ule wa 2006 una jina kwa jambo hili, marekebisho yanayofaa, na unasema wazi kwamba kukataa kuyafanya bila sababu ni ubaguzi. Daktari wa kampuni hakumuuliza moyo wake unategemea mashine kiasi gani. Hakuuliza mashine ni ya kampuni gani. Aliona uvimbe, akachukua kalamu nyekundu. Huo siyo uchunguzi wa afya, ni kumwondoa mtu.

Nikiulizwa sasa, jibu langu ni ndiyo kwenye swali la kwanza, kila mwenye pesimeka alindwe na sheria ya 2022 bila kupimwa miguu, na kwenye swali la pili tumwangalie mtu mmoja mmoja, anafanya kazi gani, moyo wake unategemea mashine mara ngapi, kipimo kiko umbali gani na nyumba yake. Mwalimu wa Kamalondo hatadai pensheni na hatapewa. Yaya naye hadai pensheni. Anadai ile karatasi ya inapti ifutwe, iandikwe anafaa kwa kazi hizi, hafai kwa hizi.

Siku hizi anafundisha vijana kuchomea kwenye lupango moja, kiwanja chenye uzio, ku Katuba, nusu paa la mabati, nusu jua. Mask yake ya zamani imetundikwa kwenye msumari, haivai. Kwenye sakafu ya saruji kuna mstari wa chaki, mita mbili kutoka kwenye meza ya kuchomea, vijana wanauchora upya kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine, na yeye anasimama nyuma ya mstari na anapiga kelele kutoka pale, punguza mkono, rudi nyuma, sikiliza sauti ya moto. Juzi tulikaa naye tukapanga dosiye ya pili. Safari hii tumeweka barua ya daktari wa moyo, nakala ya kikaratasi cha pesimeka, kurasa mbili za kitabu cha kampuni iliyoitengeneza zilizotafsiriwa kwa Kifaransa, ibara ya 49, na karatasi ya kipimo cha mwisho cha Lusaka, ile inayoonyesha betri imebaki miaka 4 na miezi 2. Jumatatu anapanda tena zile ngazi, na mimi naenda naye.